Je, Jicho Nalo Hupiga Hodi?



Miongoni mwa ada zetu za Pwani ambazo wageni huzisifu, na sisi wenyewe twazichukulia kuwa ni mambo ya kila siku, ni hodi. Mtu haingii nyumba ya mwenziwe ila asimame mlangoni, atoe salamu, apige hodi na angoje. Akiitikiwa "karibu" huingia. Asipoitikiwa hupiga tena, na ya tatu isipojibiwa huenda zake bila ya kinyongo. Hata mafundi wetu wa kale walijenga kwa kuifuata ada hii. Katika majumba ya zamani ya Lamu, njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika uani, ili apitaye nje asiweze kuona walioko ndani.

Pengine twadhani kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya miguu, ili mtu asikanyage pasipo pake. Lakini imepokewa kwa Sahl bin Saad, katika Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ndani ya chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa ameshika kichanuo akijikunia kichwa. Alimkemea mtu yule kwa ukali, na akabainisha kuwa kutaka ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho.

Hebu kiangalie vyema kisa hiki. Mtu yule hakuingia. Hakugusa kitu wala hakuchukua kitu. Chumba kilibaki na kila kilichokuwamo, hata ukindu mmoja wa mkeka haukupungua. Na juu ya hayo alikuwa amekosa. Basi twajifunza kwamba jicho nalo huingia nyumba za watu, na kwamba kosa la kuingia bila ruhusa halipimwi kwa kilichopungua peke yake.

Kwa kipimo hiki nataka leo tupime jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za kwetu, na watu walifanya bila ya kuuliza: kuiweka laptopu ukumbini ikawa ndiyo televisheni ya nyumba, ionyeshe mambo yanayotendeka saa ile ile, kwa picha safi.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Unguja iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na Tanzania Bara ikangoja mpaka mwaka 1994. Wakati huo mtaa mzima ukikusanyika mbele ya kisanduku kimoja, na kituo ndicho kilichoamua nini kionyeshwe na saa ngapi kifungwe. Baadaye ikaja mitambo ya kidijitali. Tanzania ilianza kuizima ile ya zamani Dar es Salaam mwisho wa Desemba 2012, na Kenya ikamaliza kuizima mwaka 2015. Na sasa mwenye laptopu hahitaji hata kununua televisheni.

Namna ya kuitengeneza ni mbili, na zote mbili si ngumu. Ya kwanza ni ya hewani. Hununuliwa kipokezi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB, nacho lazima kiwe cha mfumo wa DVB-T2, kwani ndio utumikao Kenya na Tanzania. Kile cha DVB tupu ya kwanza hakitashika kitu. Huungwa na antena, na antena ni bora iwekwe juu ya dari, maana kuta zetu nene za mawe na chokaa hazipitishi mawimbi vizuri. Kisha huiamrisha programu iliyokuja na kipokezi itafute stesheni, na zile zinazorushwa bure zitatokea zenyewe. Njia hii haili bando hata chembe.

Ya pili ni ya intaneti. Unaingia katika tovuti au programu ya kituo chenyewe na kutazama. Hapa yataka mwendo wa kama megabiti 5 kwa sekunde ili picha safi isikatike, na kwa mwendo huo saa moja hula zaidi ya gigabaiti 2. Mchezo mzima wa mpira pamoja na mapumziko utakaribia gigabaiti 4 na nusu. Kwa hiyo asiye na intaneti ya mwezi na apige hesabu kabla ya kubonyeza. Ikiwezekana, laptopu iungwe kwa waya na mtambo wa intaneti, kwa sababu ile ile ya kuta. Na mwenye skrini kubwa huunga waya wa HDMI kutoka kwenye laptopu, huchagua ukubwa wa picha wa 1920 kwa 1080, na asisahau kuielekeza sauti nayo ipite humo humo.

Televisheni za zamani zilikuwa na mistari 576 ya picha. Hii ya leo ina mistari 1080, na ukihesabu vitone vyake vyote vyazidi milioni 2. Jasho la mchezaji laonekana, na mshono wa jezi wahesabika. Kadiri picha inavyosafika, ndivyo jicho linavyosogea karibu. Na kadiri jicho linavyosogea, ndivyo suala la hodi linavyozidi kuwa na maana.

Basi tuanze na mlango wa kwanza: hiyo picha unayoitazama, uliipigia hodi?

Stesheni irushwayo bure hewani haina tatizo. Mwenyewe ameifungua, na mawimbi yake yapita juu ya nyumba ya tajiri na ya maskini sawasawa. Ni kama harusi ya jirani. Ukiwa umekaa barazani kwako, sauti ya ngoma ikakufikia, hakuna atakayekwambia umeiba ngoma. Kadhalika kituo kilichoweka matangazo yake bure katika tovuti yake mwenyewe, kama vile Al Jazeera ya Kiingereza, kimeshasema karibu. Wewe ingia, kaa, tazama.

Lakini kuna picha ambayo mwenyewe ameifunga na kuitia kufuli, akasema: aingie aliyelipa. Na kuna watu walioivunja kufuli hiyo, wakaichukua picha na kuimwaga katika tovuti zao wasizoziandika majina. Kijana wa nyumbani huzijua zote. Jioni ya mechi hufungua moja, ikifa hufungua nyingine, na baba mtu hukaa kwenye kiti akasema, "Mashaallah, mtoto huyu ana akili." Hapa ndipo penye mas-ala, na wenye kujitetea wana hoja tatu ambazo si haki kuzidharau.

Hoja ya kwanza husema: picha haipungui. Nikichukua nazi ya mtu, yeye hana tena nazi ile. Nikiitazama picha yake, bado anayo. Hoja hii ina nguvu, lakini rejea kwa yule mtu wa tundu. Yeye naye hakupunguza kitu.

Utaniambia kwamba kile kilikuwa chumba cha faragha, na mpira huchezwa mbele ya watu maelfu. Ni kweli, na tofauti hiyo sikatai. Kuchungulia chumba cha watu ni kuvunja sitara, na kuvunja kufuli ya picha ni kuvunja sharti. La kwanza ni zito zaidi. Lakini yote mawili yamesimama juu ya jambo moja, kwamba mwenye mlango ana haki ya kusema nani atazame na kwa masharti gani, na kwamba wewe huwezi kujipa ruhusa ambayo ni yake yeye kuitoa.

Hoja ya pili husema: wenye picha ni matajiri wa kupindukia, hawatadhurika. Chukua mfano wa boti iendayo Unguja kutoka Dar es Salaam. Boti itaondoka tu, na viti kumi vi tupu. Mtu akijipenyeza akakaa, mafuta hayazidi na safari haichelewi. Je, amefanya halali? Sote twajua jawabu, wala hatumuulizi kwanza mwenye boti ana mali kiasi gani. Tena huyo tajiri si peke yake katika mnyororo huu. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha za namna hii haziishii kwa Simba na Yanga. Klabu za kwetu Pwani kama Coastal Union ya Tanga nazo zina fungu, na katika fungu hilo mna mshahara wa kijana ambaye pengine mama yake ni jirani yako. Anayevunja kufuli haulizi ni fungu la nani analolivuja.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, nayo ni ya mtu mwenye haya: bei ni kubwa, na mimi kipato chango ni cha siku moja moja. Ndugu yangu, maneno haya ni ya kweli. Malipo ya mwezi ya king'amuzi kwa mvuvi au mama auzaye mahamri si kitu chepesi, na wenye kuuza wastahili kulaumiwa wanapoupandisha mchezo wa watu wote mpaka watu wote wasiufikie. Lalamika, andika, gomea. Lakini malalamiko si ufunguo. Katika Surat An-Nur, baada ya kuamrishwa kutaka ruhusa katika aya ya 27, aya inayofuata yaeleza kwamba mtu akiambiwa arudi, na arudi, na hilo ndilo lililo safi zaidi kwake. Haikusema arudi ikiwa ameambiwa kwa sababu nzuri. Heshima ya hodi yaonekana zaidi kwa yule anayejua kurudi kuliko kwa yule anayejua kuingia.

Wala si kwamba jambo hili ni jipya kwa wanavyuoni. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait Desemba 1988, iliamua kwamba haki za uandishi na za uvumbuzi, na majina ya biashara na alama zake, ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haifai kuzivamia. Uamuzi ule haukutaja matangazo ya mpira, lakini mwenye kuyapima haya kwa yale hatakwenda mbali kuiona sababu iliyo moja. Na kwa upande wa serikali, Kenya ilibadilisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019, ikampa mwenye haki njia ya kuyataka makampuni ya intaneti yaiondoe kazi yake iliyowekwa bila ya idhini.

Kuna sura nyingine ya jambo hili, nayo yaonekana laini zaidi. Mpwa wako yuko Maskati au London. Analipia matangazo huko, na kwa mapenzi yake anakutumia nenosiri, ili nawe utazame huku. Yeye amekukaribisha, hilo halina shaka. Lakini je, nyumba ni yake? Mgeni, hata akipendwa vipi, si kazi yake kukaribisha wageni wengine. Soma masharti aliyoyakubali. Yakisema kwamba watu wa familia yake walio mbali nao wamo, shukuru na utazame. Yakisema ni nyumba moja tu, basi amekupa kisichokuwa chake, na heshima yako kwake ni kumwambia hivyo kwa upole.

Sasa tugeuke, ndugu msomaji, tuutazame mlango wa pili. Huu ni mlango wako mwenyewe.

Tovuti zinazomwaga picha za kuibwa haziishi kwa hewa. Mwenye kuiweka hakukuonea huruma. Ana njia yake ya kupata. Ukibonyeza mara moja ili mpira uonekane, hufunguka kurasa tatu ambazo hukuziita. Mara ni kamari, mara ni picha za uchi mbele ya watoto na mama yao, mara ni maandishi yasemayo kwamba laptopu yako ina ugonjwa na ubonyeze hapa itibiwe. Ukibonyeza, huingia programu ya siri. Programu za namna hiyo zaweza kuiba nenosiri la benki, na baadhi yake zaweza hata kuifungua kamera.

Juu ya skrini ya laptopu kuna tundu dogo, dogo kuliko punje ya mtama. Hilo ni jicho. Laptopu imewekwa ukumbini, imeelekezwa kwenye mkeka ambapo wanawake wa nyumba hukaa bila ya mabuibui, ambapo mtoto huvuliwa nguo akaogeshwa. Fundi wa Lamu aliipinda njia nzima ili mpita njia asione ndani. Nasi twamweka mgeni tusiyemjua jina katikati ya ukumbi, tena twamchomekea umeme.

Tazama mizani ilivyo sawa. Aliyeingia kwa mwenziwe bila hodi ameingiliwa kwake bila hodi, katika saa ile ile na kwa waya ule ule. Sisemi kwamba kila mwenye kufanya hivyo atapatwa. Wengi hawatapatwa na kitu. Nasema kwamba ameivua nyumba yake kitasa ili avunje kitasa cha mwengine, na nyumba ile si yake peke yake.

Hapo ndipo mlango wa tatu, nao ni wa ndani kabisa. Je, watu wa nyumba yako uliwapigia hodi?

Michezo mingi mikubwa ya klabu za Ulaya huanza saa 5 usiku kwa saa za kwetu, na wakati wa kiangazi chao saa 4. Mpaka kipyenga cha mwisho imekaribia saa 7, na Alfajiri yangoja. Ile ile Surat An-Nur, katika aya ya 58, imezitaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo na watumishi hutakiwa kuomba ruhusa ndani ya nyumba, na mojawapo ni baada ya sala ya Isha, kwa kuwa ni wakati wa sitara na mapumziko. Ikiwa mtoto wa mwenye nyumba hupiga hodi saa ile, vipi rafiki zako sita wa barazani, wenye kupiga makelele ya bao? Mama mtu aliyeamka usiku kukanda unga, binti mwenye mtihani asubuhi, mzee asiyelala vizuri, hao wana haki katika ukumbi ule kama uliyonayo wewe uliyenunua laptopu. Mara nyingi hawatasema kitu. Lakini kunyamaza si karibu. Mwenye kupiga hodi asiyejibiwa hurudi, hasemi kwamba ukimya umempa ruhusa.

Mtu asinifahamu kwamba naharimisha mpira, au kwamba nataka laptopu irudishwe dukani. Kuwakusanya majirani juu ya kitu cha halali ni katika uzuri wa Pwani yetu, na nyumba moja iliyolipa ikawaalika jamaa yapendeza kuliko nyumba kumi zilizojifungia kila moja na skrini yake. Asiyeweza kulipa ana stesheni za bure, na ana redio, ambayo mtangazaji wake hodari humfanya mtu auone mchezo hali amefumba macho. Na mambo ya kufanya ni mepesi. Kamera ibandikwe kipande cha karatasi au kifuniko chake kifungwe. Watoto wafunguliwe mlango wao katika laptopu, wenye nenosiri lao, usioweza kuweka programu mpya. Chombo kiwe ukumbini na kisiwe chumbani. Saa ya kufunga ikubaliwe mchana, kabla ya mchezo, wakati kila mtu bado ana akili zake.

Hayo ni ya mkono. La moyo ni gumu zaidi, maana hapana mtu anayekuona. Zamani kituo kilikuwa bawabu wa nyumba yako, kikikosea hukilaumu. Leo bawabu ni wewe. Wasema watu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, haambiwi atazame. Lakini huulizwa alitazama nini, na kwa ruhusa ya nani.

Basi usiku wa mechi ijayo, kidole chako kikiwa juu ya kitufe na vijana wamekaa kimya wakikutazama, jiulize mwenyewe: hapa mlangoni, nimeambiwa karibu au nimeambiwa rudi?

Wa billahi tawfiq.